Wati, Rangi na Mpaka: Historia ya Uteuzi wa Kadi ya Grafiki katika Kazi za Usanifu Michoro, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja la kikazi: msanifu michoro wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, ateue kadi gani ya grafiki kwa ajili ya kompyuta yake? Kwa kawaida swali hili huchukuliwa kuwa la kiufundi tu. Makala yanaonyesha kwamba katika eneo hili jibu lake limepitia vipindi vitatu: kipindi ambacho kadi iliamua ni rangi ngapi zinazoonekana kwenye kiwambo, kipindi ambacho ilifichika ndani ya kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika kwingineko, na kipindi ambacho kazi za video ziliirudisha mbele. Katika vipindi vyote hivyo, umeme, njia za bidhaa na asili ya kazi yenyewe viliamua mengi kuliko kasi ya kadi. Sehemu ya mwisho inajadili lugha ambayo kwayo uteuzi huo hufanyika mpakani.

1.0 Utangulizi

Anayetaka kununua kadi ya grafiki hupewa ushauri wa aina moja karibu kila anapouliza: nunua yenye nguvu zaidi kadiri mfuko wako unavyoruhusu. Ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya watu ambao umeme wao haukatiki, ambao duka la vifaa liko jirani, na ambao kifaa kikiharibika wanaweza kukirudisha na kupewa kingine. Ukihamishiwa kwenye kibanda cha usanifu na uchapaji kilicho karibu na mpaka wa Mpondwe, unageuka kuwa ushauri wa hasara. Kadi iliyoteuliwa vibaya huko ni mtaji uliolala. Fedha zilizoinunua zingeweza kununua mashine ya kukatia karatasi, wino wa miezi kadhaa, au kiwambo kinachoonyesha rangi kwa uaminifu.

Historia ya teknolojia katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa kutazama vitu vikubwa: reli, mabwawa, minara ya simu. Kifaa kidogo kinachoingia katika kiganja cha mkono hakijapewa nafasi sawa, ingawa kwa mwenye duka ndicho kinachoamua kama kazi ya mteja itakamilika jioni ya leo au kesho. Makala haya hayapimi kasi ya kadi moja dhidi ya nyingine. Yanauliza jambo la awali zaidi: kwa nini katika mahali hapa, kwa nyakati tofauti, watu walihitaji kadi, na ni nini hasa kilichowazuia au kuwaruhusu kuipata?

2.0 Kasese na Bwera kabla ya kiwambo

Mji wa Kasese ulikuzwa na reli na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka wa 1956 ili kusafirisha madini ya Kilembe, yaliyopelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka wa 1954. Mgodi wenyewe ulipata umeme kutoka mto Mobuku unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori. Kwa hiyo wilaya hii ilijua umeme mapema kuliko sehemu nyingi za Uganda, ijapokuwa umeme huo ulikuwa wa mashine za mgodi kabla ya kuwa wa nyumba za watu. Wafanyakazi walitoka katika jamii nyingi za Uganda na nchi jirani, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kazi.

Mgodi ni mahali pa michoro. Hauchimbwi bila ramani, na hauendeshwi bila mabango ya tahadhari yanayosomeka na watu wasio na lugha moja ya nyumbani. Uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ulibaki na watu waliozoea maandishi ya hadharani: majina ya maduka yaliyopakwa rangi ukutani, vibao vya shule na makanisa, mihuri ya ofisi. Mafundi wa brashi walishika kazi hiyo kwa muda mrefu, na wengine bado wanaishika.

Bwera ina historia nyingine. Iko zaidi ya kilomita 50 kutoka Kasese, barabara ikipita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth hadi Mpondwe, ambako mto Lhubiriha hutenganisha Uganda na Kasindi ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni watu wa asili moja na lugha zao hukaribiana mno. Mpaka ulichorwa juu yao. Matokeo yake kwa mchapaji ni ya moja kwa moja. Mteja anayeingia asubuhi anaweza kutaka kadi ya harusi kwa Lhukonzo, anayefuata akataka ankara kwa Kiingereza, na wa tatu, mfanyabiashara wa Beni au Butembo, akataka bango la duka kwa Kifaransa, herufi zote zikiwa na viashiria vyake juu. Maandishi ya Kiswahili yapo kati yao wote.

3.0 Kadi kama jicho

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, ni lazima kurudi kwenye asili ya kifaa. Kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981 iliuzwa na kadi mbili za kuchagua: moja ilionyesha maandishi tu, safi na yasiyo na rangi, nyingine ilionyesha michoro na rangi chache, lakini maandishi yake yaliumiza macho. Mwaka wa 1982 Van Suwannukul, mzaliwa wa Thailand aliyekuwa akiishi Marekani, alitengeneza kadi ya Hercules kwa sababu alitaka kuandika tasnifu yake ya uzamivu kwa herufi za Kithai, ambazo mashine ya IBM haikuzijua. Kadi yake ilionyesha nukta 720 kwa 348 za rangi moja, na ikaenea duniani kote.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa katika mkutano wa lugha. Mojawapo ya kadi za grafiki zilizopata umaarufu mapema ilizaliwa kutokana na haja ya mtu kuona lugha yake kwenye kiwambo. Kiswahili na Lhukonzo hazikuwa na haja hiyo, kwa kuwa herufi za Kirumi zinazitosha, hata ile sauti ya Lhukonzo inayoandikwa kwa herufi mbili, «lh». Pengine ndiyo sababu mojawapo iliyofanya wanaisimu wetu wakichukulie kifaa hiki kuwa jambo la wahandisi.

Mwaka wa 1987 IBM ilitoa kiwango cha VGA, nukta 640 kwa 480 kwa rangi 16. CorelDRAW ilitoka mwaka wa 1989 na Photoshop mwaka wa 1990, na hapo ndipo rangi 16 zilipokuwa kikwazo. Picha ya uso wa mtu haiwezi kuonekana kwa rangi 16 bila kugeuka madoadoa. Ili kila nukta iwe na rangi kamili inahitaji baiti tatu. Kiwambo cha nukta 640 kwa 480 kinataka baiti 921,600, kwa hiyo kadi ya megabaiti moja inatosha. Kiwambo cha 800 kwa 600 kinataka baiti 1,440,000, na kadi hiyo hiyo inashindwa. Kiwambo cha 1024 kwa 768 kinataka baiti zaidi ya milioni 2.3, maana yake kadi ya megabaiti nne, kwa kuwa ile ya mbili haifiki.

Hesabu hii ndogo inaonyesha kipindi pekee ambacho kadi ya grafiki ilikuwa, kwa mbunifu wa karatasi, suala la kuona au kutoona. Aliyekuwa na kadi dogo alifanya kazi kama mchoraji aliyefumbwa jicho moja: alipanga rangi ambazo angeziona kwa mara ya kwanza zikitoka kwenye karatasi. Kompyuta zilipoanza kuenea nje ya Kampala, katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi hicho kilikuwa kinakwisha. Na mazoea ya lugha yakabaki nyuma ya mambo. Mpaka leo muuzaji husifu kadi kwa megabaiti zake, kana kwamba tatizo ni lile lile la 1992.

4.0 Kadi iliyofichika

Mwaka wa 1999 mambo mawili yalitokea, na yalielekea pande mbili tofauti. NVIDIA ilitoa GeForce 256 na kuitangaza kuwa kichakataji cha grafiki kinachojitegemea, kwa ajili ya michezo. Mwaka huo huo Intel ilitoa seti ya 810, ambayo iliingiza kazi ya grafiki katika ubao mkuu wa kompyuta na kuifanya kadi ya ziada isiwe ya lazima kwa ofisi. Matangazo yalifuata njia ya kwanza. Kompyuta zilizofika Kasese zilitoka zaidi katika njia ya pili.

Kompyuta iliyotumika ofisini Ulaya au katika nchi za Ghuba kwa miaka michache, ikauzwa kwa jumla, ikapita Mombasa hadi Kampala, kisha ikapakiwa kwenye basi kuelekea magharibi, haikuwa na kadi ya ziada. Ilikuwa na grafiki ya ndani, ikikopa sehemu ya kumbukumbu ya mashine. Kwa kazi za maandishi na michoro ya mistari hiyo ilitosha kabisa. CorelDRAW ya miaka ile ilitegemea kichakataji kikuu na kumbukumbu ya mashine, na aliyeongeza kumbukumbu alipata nafuu kubwa kuliko aliyeongeza kadi. Ni jambo ambalo mafundi wengi walilijua kwa mikono kabla ya kulisoma popote.

Biashara hii ilitikiswa pale serikali ilipotangaza, katika bajeti ya mwaka wa 2009, marufuku ya kuingiza vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwamo. Hofu ya taka za kielektroniki ilikuwa ya haki. Lakini kwa mwenye kibanda mpya ilikuwa nje ya uwezo, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye kwa upande wa kompyuta.

Kazi zenyewe zilikuwa zikibadilika pia. Kura ya maoni ya Julai 2005 ilirudisha vyama vingi, na uchaguzi wa Februari 2006 ulikuwa wa kwanza wa vyama tangu 1980. Bango la mgombea ambalo hapo awali lingeweza kuwa la nyeusi na nyeupe sasa lilipaswa kuwa na rangi ya chama. Kwa NRM ni njano, na njano ni rahisi: ni wino mmoja kati ya wino nne za mchapaji. Kwa FDC ni buluu, na hapo ndipo penye mtego. Buluu ya kwenye kiwambo hutokana na mwanga. Buluu ya kwenye karatasi hutengenezwa kwa kuchanganya wino wa samawati na wa majenta, na majenta ikizidi kidogo bango linatoka zambarau. Kasese ni wilaya ambako FDC ilipata nguvu kubwa, hata mwaka wa 2016 ikashinda viti vingi vya ubunge. Mchapaji wa huko alikutana na buluu mara nyingi kuliko mwenzake wa maeneo mengine.

Nalikazia jambo hili kwa sababu ndilo linalovunja dhana ya kawaida. Hakuna kadi ya grafiki, ya bei yoyote, inayoifanya buluu ya kiwambo itoke vile vile kwenye karatasi. Kinachosaidia ni kiwambo kilichopimwa, vipimo vya rangi vya mashine inayochapa, na mazoea ya kupunguza majenta. Mbunifu anayelalamikiwa na mgombea kwa bango la zambarau, kisha akaenda kununua kadi yenye nguvu zaidi, ametibu mguu kwa maumivu ya jino.

Kazi kubwa zilipelekwa, na bado hupelekwa, kwenye Barabara ya Nasser mjini Kampala, kitovu cha uchapaji wa Uganda, ambacho mabango yake ya kisiasa yamekusanywa katika kitabu cha Kristof Titeca cha mwaka wa 2023. Kwa hiyo mara nyingi kazi ya Kasese ilikuwa kusanifu, na kazi ya Kampala kuchapa. Faili ilisafiri, rangi zikaharibikia njiani, na lawama zikarudi kwa aliyesanifu.

5.0 Wati kabla ya kasi

Mwaka wa 2005 na wa 2006 maji ya Ziwa Nyanza yalishuka, na mabwawa ya Jinja yakashindwa kutoa umeme wa kutosha. Mgao ulienea nchi nzima, na mahali pengi siku ya umeme ilifuatwa na siku ya giza. Mgao mkali ulirudi mwaka wa 2011, kabla ya bwawa la Bujagali lenye megawati 250 kuzinduliwa mwaka wa 2012. Kasese yenyewe ilikuwa ikizalisha: Mobuku ya mgodi, Mobuku ya kampuni ya kobalti, na kuanzia mwaka wa 2009 kituo cha Bugoye cha megawati 13. Lakini umeme huo unaingia gridi ya taifa, na aliye chini ya mlima hanufaiki kwa ujirani wake na mto.

Katika mazingira hayo hesabu ya kadi huanzia kwenye betri. Chukua betri moja ya sola ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa. Jumla yake ni wati-saa 1,200, na anayetaka idumu hutumia nusu tu, yaani 600. Kompyuta ya ofisi pamoja na kiwambo chake ikitumia wati 150, betri hiyo inaendesha kazi kwa saa nne. Mashine yenye kadi kubwa ikifikia wati 350 chini ya mzigo, zile saa nne zinakuwa pungufu ya mbili. Tofauti ya saa mbili ndiyo tofauti kati ya kukabidhi programu ya mazishi kabla ya msafara kuondoka na kuikabidhi baada ya watu kurudi makaburini.

Kikwazo cha pili ni sanduku lenyewe. Kompyuta ndogo za ofisi, kama Dell OptiPlex za umbo jembamba zilizojaa sokoni, zina kisanduku cha umeme cha wati zisizozidi 250 hivi, hakina waya wa ziada wa kulisha kadi, na nafasi ya ndani inakubali kadi fupi tu. Tundu la PCI Express linaweza kutoa hadi wati 75. Kadi inayozidi hapo inataka waya wake, na waya haupo. Kwa hiyo orodha ndefu ya kadi za dunia inafupika ghafla: GeForce GTX 750 Ti ya mwaka wa 2014 yenye wati 60, GTX 1050 ya mwaka wa 2016 yenye wati 75, GT 1030 ya mwaka wa 2017 yenye wati 30, na kadi za kazi za aina ya Quadro zenye wati chache. GTX 480 ya mwaka wa 2010, iliyokuwa fahari ya wacheza michezo, ilikula wati 250 peke yake. Kuiweka katika mashine kama hiyo ni kutafuta moto.

Kuna joto pia. Kasese iko chini katika Bonde la Ufa, na adhuhuri ya kibanda cha mabati haihitaji maelezo. Feni ya kadi huvuta vumbi la barabara na nyuzi za karatasi zinazotoka kwenye mashine ya kukatia. Kadi isiyo na feni, ambayo wahakiki wa ng'ambo huidharau kwa unyonge wake, inaweza kuishi muda mrefu zaidi ya ile inayosifiwa.

Je, kadi ndogo kama hizo zinatosha kwa bango? Tuhesabu. Bango la mita 3 kwa 2, likisanifiwa kwa nukta 72 kwa inchi, lina takriban nukta 8,504 kwa 5,669, sawa na nukta milioni 48. Kwa wino nne, tabaka moja la picha ni megabaiti 193 hivi. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inalibeba. Lakini mgeni wa kazi akilisanifu kwa nukta 300 kwa inchi, kwa kuwa ameambiwa ubora ni 300, tabaka hilo hilo linakuwa zaidi ya gigabaiti 3.3, na mashine inaganda. Hapo huilaumu kadi. Kosa ni la kipimo, kwa sababu bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji nukta za kitabu.

6.0 Soko la kadi na hadaa zake

Tangu mwaka wa 2017 bei za kadi ziliyumbishwa na jambo lisilohusiana kabisa na usanifu: watu waliozitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Kati ya 2020 na 2022 uhaba uliongezeka hadi kadi za kawaida zikauzwa kwa bei maradufu. Tarehe 15 Septemba 2022 mfumo wa Ethereum uliacha njia ya uchimbaji, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba. Nyingine ni nzima. Nyingine feni zimechoka na kumbukumbu zake zimeungua. Kwa macho hazitofautiani.

Kubaya zaidi ni kadi bandia. Kadi ya kizazi cha zamani hubandikwa jina jipya ndani ya programu yake, kompyuta ikaisoma kuwa ni GTX 1050 kumbe ni kitu cha mwaka wa 2011. Udanganyifu huu ulienea kiasi kwamba mwaka wa 2018 programu ya GPU-Z iliongezwa uwezo wa kuitambua kadi bandia na kuitaja hivyo. Anayenunua Kampala na kurudi Bwera bila kuijaribu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na nauli ya kumrudisha mbuzi huyo ni juu yake.

Hata kadi halali huzeeka kwa amri ya mtengenezaji. Mwaka wa 2021 NVIDIA ilisitisha maboresho ya kawaida ya viendeshi kwa kizazi cha Kepler. Kadi haikuharibika siku hiyo, ila matoleo mapya ya programu za usanifu yalianza kuikataa moja baada ya jingine. Kwa anayetumia toleo la zamani la CorelDRAW hilo si kitu. Kwa anayelipia programu mpya kila mwezi ni pigo. Mwaka wa kuzaliwa wa kadi, basi, una uzito kuliko megabaiti zilizoandikwa kwenye kasha.

7.0 Kadi inarudi mbele

Hoja ya sehemu zilizotangulia isichukuliwe kuwa kadi haina kazi. Photoshop CS4 ya mwaka wa 2008 ilianza kuitumia kadi katika kukuza na kuzungusha picha, na Illustrator ikafuata mwaka wa 2014. Mwaka wa 2019 NVIDIA iliruhusu kadi zake za kawaida kuonyesha rangi za biti 30 katika Photoshop, jambo lililokuwa limehifadhiwa kwa kadi ghali za kazi. Hayo yalikuwa manufaa madogo kwa mchapaji. Badiliko kubwa lilitoka nje ya programu hizo.

Janga la Uviko lilipokuja, Tume ya Uchaguzi ilitangaza mwezi Juni 2020 kwamba kampeni za uchaguzi wa Januari 2021 zingefanyika bila mikutano mikubwa. Wagombea wakageukia redio, mabango na simu. Facebook ilifungwa nchini Uganda wiki ile ya uchaguzi, lakini video fupi iliendelea kutembea kwa njia nyingine, na aliyekuwa mbunifu wa karatasi akaombwa atengeneze picha zinazosogea: jina linaloingia, nembo inayozunguka, tangazo la sekunde 30. Harusi na nyimbo za injili zilikuwa zimeshaanza kudai hivyo hivyo.

Kwa video kadi ni chombo cha kweli. Inabeba kazi ya kufungua na kufunga mkanda wa picha ambayo kichakataji cha zamani huifanya kwa kuhema. Saa tatu za kusubiri zinaweza kupungua sana, na kila saa iliyopungua ni ya betri pia. Kadi inayokula wati zaidi lakini ikamaliza kazi upesi inaweza kutumia umeme mdogo kwa jumla. Hapa hesabu ya wati inageuka kinyume, na anayeendelea kuisoma kwa namna ya 2006 anajipunja. Kwa maoni yangu, duka lenye kazi za video kila wiki linastahili kadi ya hadi wati 75 yenye gigabaiti nne, na lile la mabango na kadi za mwaliko lingefanya vyema kuziweka fedha hizo kwenye kumbukumbu ya mashine na kiwambo.

Uzito wa kazi hizi haupimwi kwa biashara peke yake. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka na kuthibitishwa kwa wagonjwa waliopokewa Bwera. Katika siku kama zile, maandishi makubwa yanayosomeka na watu wa pande zote mbili za Lhubiriha, kwa lugha wanayoielewa, ni sehemu ya ulinzi. Kompyuta inayoganda siku hiyo si usumbufu wa mwenye duka tu.

8.0 Lugha ya ununuzi

Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda kwa amri ya mwaka wa 1973, kikawekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka wa 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha matumizi yake rasmi na ufundishaji wake shuleni. Mwaka huo huo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bwera haikungoja matangazo hayo. Huko mtu hupatana bei kwa Kiswahili, husoma kasha kwa Kiingereza, na huenda bango analolisanifu ni la Kifaransa.

Pengo linaonekana pale neno moja linapobeba vitu vitatu. Katika mazungumzo ya duka, «memori» ni nafasi ya kuhifadhi faili kwenye diski au kwenye simu. Ni kumbukumbu ambayo mashine huitumia inapofanya kazi. Na ni kumbukumbu iliyo juu ya kadi ya grafiki. Muuzaji akisema mashine ina «memori ya kadi ya gigabaiti nne», anaweza kuwa anasema kweli, au anasoma ile gigabaiti nne ambayo grafiki ya ndani imeikopa kutoka kumbukumbu ya mashine. Mnunuzi hulipia kadi asiyoipata, na lugha waliyotumia haikumpa njia ya kuuliza.

Istilahi zipo: kumbukumbu ya kadi, kumbukumbu tendaji, hifadhi. Kamusi za kompyuta zimezitaja kwa sura mbalimbali, zikigombana kuhusu kompyuta na tarakilishi, lakini hazijafika mezani pa muuzaji. Neno «wati» halikuhitaji kamati. Liliingia pamoja na balbu, betri na sola, na leo msichana anayesimamia kibanda cha uchapaji analitumia kwa usahihi kuliko wengi waliosoma fizikia. Anaigeuza kadi, anasoma kibandiko cha nyuma, anauliza inakula wati ngapi, kisha anaomba ichomekwe palepale mbele yake na ile programu ndogo ya kukagua ifunguliwe kabla hajatoa fedha.